Fuata Ng'ombe Wanavyoshuka: Mwongozo Kamili wa Matembezi ya Vuli Bavaria na Austria

Wengi wetu tunaoishi kusini mwa Ujerumani hufanya matembezi ya vuli kinyumenyume. Septemba, jua likiwa bado lina nguvu, tunazunguka mjini na kwenye mahema ya bia. Novemba ikishaingia ndipo mtu anakumbuka kwamba hajaiona milima. Anakaa kwenye treni saa mbili, anafika na kukuta magari ya waya yamesimamishwa kwa matengenezo, mgahawa umebandika karatasi ya likizo mlangoni, na ukungu umemeza hata mnara wa kanisa.

Wafugaji wa Alps wanajua mpangilio bora. Ng'ombe wao hula majani ya juu kiangazi kizima, huanza kushuka katikati ya Septemba, na theluji ya kwanza inapotulia vileleni wao wameshafika zizini. Mwongozo huu umepangwa hivyohivyo: Septemba nenda juu, Oktoba kaa kwenye mabonde ya kati na maziwa, Oktoba ikielekea ukingoni shuka kwenye mizabibu, Novemba ingia mjini. Nimechukulia kwamba unaishi Munich au jirani, unafanya kazi au unasoma siku za wiki, huna gari na hutaki kumaliza mshahara kwa safari. Mwenye gari nitamtupia neno lake njiani.

Saa zote hapa ni za Kiswahili. Kwenye ratiba ya treni, saa 3 asubuhi utaiona imeandikwa 9:00, na saa 11 jioni ni 17:00.

Tiketi kabla ya kila kitu

Kama bado huna Deutschland-Ticket, anzia hapo. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi. Ni usajili unaojirudia: ukitaka kuachana nao, ufute kabla ya tarehe 10, la sivyo utakatwa na mwezi unaofuata. Inakubalika kwenye treni za mkoa, yaani zile zenye herufi RE, RB, S na BRB (kampuni ya treni za mkoa ya Bavaria), pamoja na mabasi na tramu za mijini. ICE, IC, EC na Railjet, yaani treni za masafa marefu, hazimo.

Utamu wake ni kwamba inavuka mpaka. Upande wa mashariki inakufikisha hadi stesheni kuu ya Salzburg, na upande wa kusini hadi Kufstein, mji wa jimbo la Tirol, Austria, wenye ngome juu ya jabali. Kwa hiyo Austria unaifikia bila kuongeza hata senti. Ukitaka kuendelea hadi Innsbruck, nunua kwenye programu ya ÖBB, shirika la reli la Austria, tiketi ya kipande cha Kufstein hadi Innsbruck tu. Angalia lakini usipande Railjet ya kwenda Salzburg kwa kuwa tu imesimama mbele yako na inakwenda unakokwenda. Kondakta hatakuonea huruma.

Mkiwa kundi, au umetembelewa na wageni kutoka nyumbani, Bayern-Ticket ndiyo mkombozi. Ni tiketi ya siku moja, inabeba watu hadi watano, na kadiri mnavyokuwa wengi ndivyo kila mmoja anavyolipa kidogo. Nayo pia inafika Salzburg na Kufstein. Siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu inaanza tangu usiku wa manane. Andikeni majina yenu juu yake kabla ya kupanda. Ndani ya Austria kuna ndugu yake, Einfach-Raus-Ticket ya ÖBB, kwa treni za mkoa.

Halafu kuna jambo la mabehewa, ambalo hakuna anayekwambia mpaka likukute. Treni ya BRB inayoondoka Munich kuelekea kusini huwa treni tatu zilizounganishwa. Ikifika Holzkirchen, kipande kimoja kinakatwa kwenda Bayrischzell. Ikifika Schaftlach, zilizobaki zinaachana: moja Tegernsee, nyingine Lenggries. Abiria hahami, ni treni yenyewe inayogawanyika, nawe utakwenda linakokwenda behewa ulilokalia. Kwa hiyo pale jukwaani usikimbilie mlango wa kwanza. Soma kibao kilicho ubavuni mwa behewa lenyewe, kisha ukiingia tazama tena skrini ya ndani.

Mwenye gari: barabara kuu za Ujerumani ni bure kwa gari dogo, lakini za Austria zinadai stika ya barabara, Vignette, ambayo siku hizi unainunua mtandaoni, hata ya siku moja. Vipande viwili vya mpakani vimesamehewa tangu Desemba 2019: A12 hadi Kufstein-Süd na A1 kutoka Walserberg hadi Salzburg Nord. Kuanzia Novemba 1 Austria inataka matairi ya baridi barabara ikiwa na theluji au barafu. Leseni ya Tanzania au Kenya inakutosha Ujerumani kwa miezi 6 tu tangu uhamie. Baada ya hapo usiguse usukani mpaka upate ya Kijerumani.

Karatasi za mpakani

Ramani inaonyesha mpaka wazi, na kisheria Ujerumani na Austria zote zimo Schengen. Lakini tangu Septemba 2015 Ujerumani inakagua watu wanaoingia kutoka Austria, na treni ya jioni kutoka Salzburg au Kufstein mara nyingi husimama polisi wapite ndani. Sina haja ya kuzunguka: ngozi yetu huonekana kwanza, na usishangae ukiwa wewe pekee uliyeulizwa kwenye behewa zima. Toa karatasi, jibu kwa ufupi, endelea na chai yako.

Karatasi zenyewe ni pasipoti halisi na kadi ya kibali cha ukaaji, Aufenthaltstitel. Picha ya simu haikubaliki. Ukiwa na kibali hai cha Ujerumani, au viza ya kitaifa ya aina D, unaruhusiwa kuzuru nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180, hivyo wikiendi ya Tirol haina tatizo.

Tatizo lipo kwa aliye katikati ya kuongeza muda na amepewa Fiktionsbescheinigung, cheti cha muda cha kusubiria kibali kipya. Ifungue uangalie ni kisanduku kipi kimewekewa alama. Kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaaji kinakuruhusu kutoka na kurudi, ukiwa na kibali kile kilichoisha pamoja na pasipoti. Aya ya 3 haikuruhusu. Mwenye Duldung (aliyeahirishiwa kuondolewa nchini) au Aufenthaltsgestattung (anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi) asivuke kabisa. Bavaria peke yake ina milima ya kumtosha vuli nzima.

Jioni ya kabla: usiamini dirisha lako

Vuli ya huku ina tabia moja inayowadanganya wageni. Hewa baridi hutuama mabondeni na kwenye tambarare, hewa yenye joto inakaa juu yake, na katikati unatanda ukungu unaoweza kukaa siku kadhaa. Unaamka Munich, nje kumezibwa kijivu, unavuta blanketi. Wakati huohuo, mita elfu moja juu ya kichwa chako, watu wamekaa kwenye mabenchi na mikono mifupi.

Dawa yake ni kamera za milimani. Karibu kila kilele chenye gari la waya kina kamera inayorusha picha mtandaoni. Jioni tazama utabiri wa idara za hali ya hewa, DWD kwa Ujerumani au GeoSphere kwa Austria, na asubuhi kabla ya kutoka fungua kamera ya unakokwenda. Bonde limejaa ukungu na kilele kimeangaza? Nenda juu. Kote kijivu? Badili mpango, nenda mjini. Siku nyingine utakuta kinyume: milima inaonekana karibu mno kutoka Munich, anga safi, joto la ajabu kwa Oktoba. Huo ni upepo wa Föhn unaovuka Alps kutoka kusini. Ni siku tamu ya kupiga picha, ingawa wenyeji wengi watakulalamikia kichwa, na vileleni upepo huo unaweza kusimamisha magari ya waya.

Jingine ni jua. Sisi tumezoea linazama saa 12 na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Hapa linakukimbia. Munich katikati ya Septemba linazama karibu saa 1 na nusu usiku, na katikati ya Oktoba saa 12 na nusu jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na ghafla mapema Novemba giza linaingia saa 11 jioni. Mwisho wa Novemba ni saa 10 na dakika ishirini. Kwenye mabonde membamba jua hupotea nyuma ya mlima muda mrefu kabla ya hapo, na baridi inashuka papo hapo. Panga uwe umerudi kwenye kituo cha basi saa nzima kabla ya machweo.

Septemba: juu kabisa, na kushuka kwa ng'ombe

Huu ndio mwezi wa vilele. Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani kwa mita 2,962, unaufikia kupitia Garmisch-Partenkirchen, na bei ya kupanda ni kali. Binafsi naona ziwa Eibsee lililo chini yake, ambalo kulizunguka kwa miguu hakulipiwi chochote, linatosha kabisa kwa siku nzima. Vibanda vya milimani, Hütte, vingi hufungwa mapema au katikati ya Oktoba, kwa hiyo anayetaka kulala juu afanye hivyo sasa. Beba pesa taslimu. Si kila kibanda kinapokea kadi.

Kisha waone ng'ombe wenyewe. Tirol sherehe hiyo huitwa Almabtrieb, na Allgäu, kusini-magharibi mwa Bavaria, huitwa Viehscheid. Miji kama Bad Hindelang na Oberstdorf huifanya katikati ya Septemba. Vijiji vya Tirol vinaendelea hadi mwanzo wa Oktoba. Oberstdorf ina treni ya mkoa ya moja kwa moja kutoka Munich, kama saa mbili na nusu. Ondoka na treni ya kwanza, maana ng'ombe hawangoji watalii.

Simama mwanzoni mwa kijiji, kabla ya uwanja wenye mahema. Utasikia kengele dakika kadhaa kabla ya kuona chochote: kengele kubwa za shaba na bati, nyingine zikining'inia kwenye mikanda ya ngozi mipana kuliko kiganja. Anayetangulia amevikwa taji la matawi ya msonobari, maua na riboni, wakati mwingine na kioo kidogo katikati. Nyuma yake kundi zima linafuata bila pambo. Taji hilo lina maana: linavaliwa kama kiangazi kimepita bila msiba, hakuna ng'ombe aliyepotea au kuanguka gengeni. Ukiona kundi linapita bila taji lolote, usipige kelele za shangwe. Mtu aliyekulia kwenye jamii ya wafugaji, kama Mmasai, ataelewa hapo bila mkalimani. Kaa pembeni mwa barabara, usisimame mbele ya ng'ombe ili upate picha, na vaa viatu visivyojali kinyesi.

Oktoberfest nayo huanza Septemba na kuisha mwanzo wa Oktoba. Kuingia uwanjani Theresienwiese ni bure. Usibebe begi kubwa, linazuiwa mlangoni. Kikomo ni lita 3. Nenda siku ya kazi mchana, kula lozi za sukari, panda bembea, rudi nyumbani kabla ya jioni. Asiyekunywa pombe hapungukiwi na kitu kwa muda huo. Wikiendi ya katikati siwezi kumshauri mtu yeyote.

Mwanzo wa Oktoba: miti ya dhahabu na nyumba ya Purtscheller

Ukiambiwa uchague siku moja tu ya vuli nzima, chagua Großer Ahornboden. Ni bonde la Austria, katika milima ya Karwendel, lakini barabara pekee ya kufika huko inaanzia Ujerumani. Humo kuna miti ya Bergahorn zaidi ya 2,000, yenye majani ya ncha tano, mingine ina miaka mia kadhaa, imetawanyika kwenye malisho ya wazi huku kuta za mawe ya kijivu zikiwa zimeizunguka. Wiki mbili hivi za kwanza za Oktoba majani yanakuwa ya dhahabu tupu. Baadaye kidogo unakuta matawi matupu.

Hatua zake: panda BRB hadi Lenggries ukiwa kwenye behewa la Lenggries (nimeshasema), kisha basi la wapanda milima linaloingia bonde la Riß hadi mwisho wa barabara, mahali paitwapo Eng. Basi hilo ni la msimu na safari zake ni chache. Piga picha ya ratiba ya kurudi ukiwa bado kituoni, kwa sababu mtandao wa simu bondeni si wa kutegemea. Kutoka Eng tembea taratibu hadi Engalm, kijiji cha wafugaji wanaotengeneza jibini, kama nusu saa kwa njia tambarare inayofaa hata gari la mtoto. Nunua kipande cha jibini, kaa chini ya mti, geuka utazame ulikotoka. Mwenye gari atalipa ushuru wa barabara baada ya Hinterriß, na wikiendi ya jua afike kabla ya saa 3 asubuhi au asiende. Theluji ikianza barabara hufungwa hadi majira ya kuchipua.

Safari ya pili ya wiki hizi naipenda kwa sababu za nyumbani. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyezaliwa Innsbruck na kufundisha Salzburg, walisimama kwenye kilele cha Kibo, Kilimanjaro. Kwenye kambi ya juu alibaki Mwini Amani wa Pangani, akiwangoja kwenye baridi ile. Purtscheller alifariki mwaka 1900, na jina lake likapewa kibanda kilicho kwenye kimo cha mita 1,692, chini ya kilele cha Hoher Göll, juu ya Berchtesgaden. Purtschellerhaus imejengwa juu ya mpaka wenyewe: mstari wa Ujerumani na Austria unapita katikati ya nyumba. Mwini Amani hana kibanda huku. Akumbukwe walau na sisi tukiagiza supu hapo.

Ili kufika, panda basi kutoka Berchtesgaden kupitia Obersalzberg hadi barabara ya Rossfeld, ushuke Ahornkaser. Njia inateremka kwanza hadi Eckersattel, sehemu iliyobonyea kati ya milima miwili, ndipo inapanda kwa ukali hadi kibandani. Mtu wa kawaida anatumia saa moja na zaidi kidogo. Mvua ikiwa imenyesha, mizizi na mawe vinateleza. Hakikisha kibanda bado kimefunguliwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Ukiwa upande huo, lala Berchtesgaden na kesho yake nenda Königssee. Tangu 1909 boti za ziwa hilo zinaendeshwa kwa umeme ili maji yabaki safi, kwa hiyo unateleza kimya kati ya kuta za mawe. Katikati nahodha anasimamisha boti, anafungua mlango, anapuliza tarumbeta kuelekea ukutani na ukuta unamjibu. Kofia itapitishwa, toa chochote. Boti zinafika kanisa la St. Bartholomä mwaka mzima kama barafu haijazuia, ila zile zinazoendelea hadi Salet husimama karibu na katikati ya Oktoba, na bila Salet hutafika Obersee, ziwa dogo la nyuma ambalo kwangu ndilo zuri zaidi. Mwanzo wa Oktoba ng'ombe wa Salet nao huvushwa ziwa hili kwa mashua bapa na kuvikwa mataji wakishafika ng'ambo.

Mwisho wa Oktoba: mizabibu, maboga na makaburi ya Korntal

Milima ya juu sasa iwaachie wenye vifaa. Teremka. Mwenye wikiendi ndefu aende bonde la Wachau, kilomita kama 36 za mto Danube kati ya Melk na Krems, lililoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Chukua treni ya mapema hadi Melk kupitia Salzburg na Linz, zuru monasteri ya njano iliyo juu ya mji, kisha shuka na boti; boti za kawaida huendelea hadi karibu na mwisho wa Oktoba. Teremkia Dürnstein na upande kwenye magofu ya ngome alimofungwa Richard, mfalme wa Uingereza, majira ya baridi ya 1192. Ni mpando wa nusu saa, na ukiwa juu unaona mashamba ya mizabibu yamegeuka njano ngazi kwa ngazi hadi mtoni.

Msimu huu kila mahali utauziwa kinywaji cha maziwamaziwa kinachotoa mapovu. Austria kinaitwa Sturm, Ujerumani Federweißer. Kina ladha ya juisi ya zabibu na wengi hudhani ni juisi, lakini ni divai inayoendelea kuchacha. Most ya Austria, ya matofaa au mapea, pia ni kilevi. Asiyetumia aombe Süßmost (juisi isiyochacha) au Apfelschorle (juisi ya tofaa yenye maji ya gesi). Na tukiwa hapo hapo: Speck ni nguruwe, na hujificha ndani ya Knödel (madonge) za Tirol na juu ya Käsespätzle (tambi za jibini). Sema "ohne Speck". Kaiserschmarrn, ile chapati nene iliyochanwachanwa yenye sukari ya unga, ni salama ukiuliza kama zabibu kavu zimelowekwa kwenye rum.

Upande wa magharibi, Stuttgart inafikika kwa treni za mkoa kupitia Ulm kwa saa tatu na nusu hivi. Bustani ya kasri la Ludwigsburg huwa na maonyesho ya maboga hadi mapema Novemba, na watoto watakushukuru. Kisha panda S6 hadi Korntal. Humo wamezikwa Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, akakaa Rabai na kukusanya kamusi ya Kiswahili iliyochapwa mwaka mmoja baada ya kifo chake cha Novemba 1881. Na mwenzake Johannes Rebmann, aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Kaburi la mtu aliyehangaika na ngeli zetu kabla hata reli haijafika pwani linastahili dakika zako kumi, vyovyote unavyowaona wamisionari.

Neuschwanstein nayo iweke hapa, siku ya kazi. Tangu 2025 makasri ya Mfalme Ludwig II yamo kwenye orodha ya UNESCO, na umati haukupungua. Tiketi ina saa yake kamili: inunue mtandaoni mapema, kwani ukichelewa hata dakika chache kundi lako limeshaingia. Toka Füssen kwa basi hadi Hohenschwangau, kisha panda kwa miguu dakika 40. Ndani huruhusiwi kupiga picha na ziara ni ya nusu saa tu. Kinachovutia ni nje, kutoka daraja la Marienbrücke, na hilo halina tiketi.

Novemba: ingia mjini

Magari mengi ya waya huwa kwenye matengenezo hadi Desemba, na hoteli za milimani zinapumzika. Usishindane nao. Novemba 1 ni sikukuu Bavaria, Baden-Württemberg na Austria, maduka yamefungwa. Nunua chakula siku ya kabla yake, kama unavyofanya kwa Oktoba 3 ya Ujerumani na Oktoba 26 ya Austria. Siku hiyo Vienna huelekea makaburini. Tramu namba 71 inakupeleka Zentralfriedhof, yaliyofunguliwa mwaka 1874, makubwa kuliko vitongoji vingi, na humo wamelala Beethoven, Schubert na Brahms. Familia huleta maua na mishumaa. Tembea kimya, usielekeze kamera kwa waombolezaji.

Siku ya kawaida ya kijivu, nenda Prien kwenye njia ya Salzburg na uvuke kwa boti hadi kasri la Herrenchiemsee. Boti zake hazilali msimu wa baridi. Au baki Munich: Jumapili kiingilio cha makumbusho ya sanaa ya Alte Pinakothek na Pinakothek der Moderne kimekuwa euro 1 kwa miaka mingi, na ndani kuna joto. Novemba 11 watoto hutembea na taa za karatasi kumkumbuka Mtakatifu Martin, na migahawa hupika bata bukini kwa kabichi nyekundu. Weka nafasi mapema.

Begi

Nguo vaa tabaka kwa tabaka, usitegemee koti moja zito. Viatu vyenye soli ya kushika, maana majani yaliyolowa ni sabuni. Taa ya kichwani, hata kama unaenda kwa saa mbili. Kadi ya bima. Ile ya Ulaya iliyo mgongoni mwa kadi yako ya Ujerumani inakubalika Austria kwa daktari, ila helikopta ya uokoaji mlimani inaweza kukuletea ankara nene, ndiyo sababu wapandaji wengi hujiunga na chama cha Alpenverein. Namba ya dharura ni 112 nchi zote mbili, na waokoaji wa milimani Austria ni 140.

Kupe wa huku wanauma hadi vuli ikiwa na joto, na sehemu kubwa ya Bavaria ni eneo la ugonjwa wa FSME unaoshambulia ubongo. Chanjo ipo na bima ya afya huilipia. Mwulize daktari wako wa familia. Kila jioni jikague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele.

Uyoga usiuchume kwa kufananisha na wa nyumbani. Kuna aina moja, Knollenblätterpilz, inayoua, na misitu ya hapa bado ina masalia ya mionzi ya Chernobyl ya 1986 ndani ya uyoga wa pori. Nunua kwenye soko la Viktualienmarkt, Munich, uliza bei kabla hawajapima.